Shimo jeusi likipita katikati ya dunia: jibu nililochelewa kulitoa

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, mchana wa saa tisa na nusu hivi, nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Nyegezi nasahihisha madaftari. Vikombe vikaanza kugongana kabatini. Nilidhani lori kubwa limepita barabarani, mpaka nilipoona maji kwenye glasi yangu yanacheza na nje hakuna lori. Lilikuwa tetemeko la Kagera, ukubwa wa 5.9. Sisi Mwanza tulitikiswa tu. Ng'ambo ya ziwa nyumba zilianguka na watu walikufa.

Jumatatu yake, binti mmoja wa kidato cha tatu alinifuata mlangoni baada ya kipindi. Darasani tunafundisha fizikia kwa Kiingereza, lakini maswali yenyewe wanafunzi huyaleta mlangoni, kwa Kiswahili, wenzao wakishatoka. Akaniamkia, kisha akauliza: "Madam, eti kuna shimo jeusi dogo linaweza kupita katikati ya dunia? Likipita si litatumeza?"

Shimo jeusi ni kitu kilichosongamana mpaka uvutano wake hauachii hata mwanga utoke. Nilikuwa nimebeba madaftari ya mikondo miwili na kengele ya chakula imeshapigwa. Nikamjibu: "Likipita ndio mwisho wetu. Ila halitakuja, nenda kale."

Muhula ule ulipokaribia kuisha ndipo nilipojua kwa nini aliuliza. Nyumba ya bibi yake kule Kagera ilianguka Jumamosi ile, bibi akaokolewa na jirani. Na kwenye simu ya binamu yake kulikuwa na video iliyodai kwamba tetemeko lile lilisababishwa na shimo jeusi lililochoma ardhi. Kumbe mtoto alikuja kwangu na hofu, nami nikamwongezea.

Jibu langu lilikuwa baya, na lilikuwa kosa pia. Najua nililitoa wapi. Septemba 2008, CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, walipowasha mtambo wao mkubwa wa kugonganisha protoni, chembe za ndani ya atomi, nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam, na kila kona ya bweni watu walikuwa wanasema mtambo ule utazaa shimo jeusi na dunia italiwa kuanzia Uswisi. Miale ya kutoka angani huigonga anga yetu kila siku kwa nishati kubwa kuliko ya mtambo ule, na imefanya hivyo kwa mabilioni ya miaka, na bado tupo. Hilo nilikuja kulisoma baadaye. Lakini ile picha ya mdomo mweusi unaomeza kila kitu ilibaki kichwani, na miaka minane baadaye ikanitoka mbele ya mtoto wa watu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika, tukawasha mshumaa. Mwanangu wa miaka saba akaanza mchezo ambao sote tumeucheza: kupitisha kidole katikati ya mwali. Haraka, haraka, huku anacheka. Nikamwambia acha. Akaniambia, "Mama, hauunguzi ukipita mbio." Nilimtazama kidole chake kikiingia upande huu wa mwali na kutokea upande ule, mwali ukilala kidogo na kusimama tena, kidole hakina hata masizi. Nikamkumbuka yule binti. Nikachukua daftari, nikakaa na mshumaa uleule mpaka usiku wa manane.

Kwanza ilibidi nichague shimo la kupigia hesabu. Wazo la mashimo meusi madogo si la kihuni. Mwanafizikia Stephen Hawking aliliandikia mwaka 1971: kwamba ulimwengu ulipokuwa mchanga kabisa, maada iliyosongamana kupita kiasi mahali fulani ingeweza kujikunja yenyewe ikawa shimo jeusi, bila kusubiri nyota ife. Mwaka 1974 akaonyesha kwamba mashimo ya namna hiyo hutoa joto na kuyeyuka polepole, na kadiri lilivyo dogo ndivyo linavyowaka zaidi. Yale mepesi sana yangekuwa yamekwisha kuyeyuka hadi leo. Hivyo nikachukua lisiloisha kirahisi: la tani bilioni 100. Ukitaka kuiona namba hiyo, simama Capri Point utazame Ziwa Victoria. Gawa maji yote ya ziwa lile, mpaka Kisumu na Entebbe, mafungu 25. Fungu moja ndilo uzito wake, takriban.

Uzito wote huo umekaa kwenye kitu ambacho atomi moja inakizidi upana mara mia kadhaa. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza hapohapo. Tunasikia "shimo" tunafikiria bakuli, kisima, kitu chenye mdomo. Hili halina mdomo wa kutosha kumeza atomi nzima kwa kuipitia juu.

Halafu kasi. Kama mashimo haya yapo, basi huenda ndiyo sehemu ya ile maada giza, isiyoonekana na tunayoijua kwa uvutano wake tu, inayoizunguka galaksi yetu, na vitu vya huko vinakwenda kasi ya kama kilomita 220 kwa sekunde. Basi la kutoka hapa kwenda Dar linashinda njiani kutwa nzima na usiku juu. Shimo hili lingeimaliza safari ile kwa sekunde 5. Dunia ina upana wa kilomita 12,742. Gawanya: sekunde 58. Likiingia wima hapa Mwanza, kabla dakika haijaisha limeshatokea katikati ya Bahari ya Pasifiki, kusini mashariki mwa Hawaii, linaendelea na safari zake.

Nikapiga hesabu ya kinachomezwa. Niliirudia mara tatu kwa sababu sikuiamini. Uvutano wa shimo hukusanya chembe zilizo karibu sana na njia yake, upana usiozidi atomi chache, na kutoka Mwanza hadi Pasifiki jumla ya kilichoingia ndani ni kama mikrogramu 35. Punje moja ya sukari ni nzito kuliko hiyo mara nyingi. Dunia nzima imetobolewa, ganda la juu, vazi la mwamba lililo chini yake, kiini cha chuma, na kilicholiwa hakifiki punje ya sukari.

Niliweka kalamu chini. Nilimwambia mtoto kwamba ndio mwisho wetu.

Lakini kula si habari yote, maana kitu kizito kikipita karibu yako kinakuvuta hata kisipokumeza. Tuseme umesimama mita moja kutoka njia yake. Kwa kitambo kile linapokupita, linakuvuta kwa nguvu inayokaribia mara 680 ya uvutano wa dunia. Namba hiyo inatisha mpaka uulize: kwa muda gani? Kwa sehemu moja ya laki moja ya sekunde. Mwili haupati nafasi ya kuitika. Unabaki umesukumwa kwa sentimita 6 kwa sekunde, kama mtu aliyekugusa bega kwenye foleni ya daladala. Ukiwa mita kumi, ni milimita 6 kwa sekunde, na kama umelala huamki.

Likipita sentimita moja kutoka kwako ni jambo lingine: nyama iliyo hapo inasukumwa mita 6 kwa sekunde, na ya milimita moja, mita 60. Mwanafizikia Robert Scherrer wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alichapisha mwaka 2025 hesabu ya shimo linalopita ndani ya mwili wa mtu. Alikuta kwamba kuanzia tani bilioni 140 hivi, wimbi la mshtuko linalolifuata lingeumiza kama risasi ndogo. La kwangu liko chini kidogo ya mpaka huo, na sitaki kuwa wa kulijaribu. Ila kwa mtu mmoja, kati ya eneo lote la dunia, tena kwa kitu kinachokuja kwa nadra nitakayoieleza, hakuna haja ya mtu kukosa usingizi.

Sasa lile tetemeko, maana ndilo lililomleta mtoto mlangoni kwangu.

Shimo linapopenya mwamba linaukokota mwamba nyuma yake kidogo, na huko ndiko nishati yake inakobaki. Kwa hesabu yangu, kila mita ya njia inapata karibu juli 2,000. Ni joto la kupandisha nusu lita ya maji nyuzi moja tu, hata chai haichemki. Zidisha kwa mita zote za kipenyo cha dunia, unapata jumla ambayo, hata ingegeuka yote kuwa mitetemo, isingefikia tetemeko la ukubwa wa 4. Na lile joto la Hawking ni dogo zaidi: kwa dakika ile moja halifiki hata uniti kumi za umeme wa LUKU.

Kagera ilikuwa 5.9. Kwa kipimo hicho, kila namba nzima unayopanda nishati inazidi mara 32 hivi. Tetemeko lililoangusha nyumba ya bibi wa yule binti lilitoa nishati zaidi ya mara elfu moja ya ile ambayo shimo jeusi lingeiacha katika dunia yote, na liliitoa mahali pamoja, chini ya miguu ya watu. Shimo lingeisambaza kwenye uzi wa kilomita 12,742, sehemu kubwa ikiwa kule chini ambako hakuna mtu wala nyumba.

Na vipima mitetemo vingejua tofauti mara moja. Mwaka 2012 Yang Luo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton waliliigiza tukio hili kwenye kompyuta. Tetemeko la kawaida lina kitovu: walio karibu wanalipata kwanza, na wimbi lake la haraka linahitaji dakika kama 20 kufika upande wa pili wa dunia. Shimo linakimbia mbio kuliko wimbi lolote ndani ya mwamba, kwa hiyo mstari wake wote unakuwa umepigwa karibu kwa wakati mmoja, na mawimbi yanatoka kwenye mstari mzima kuelekea juu. Kipimo cha Kilima Mbogo kule Kenya, cha Mbarara Uganda, na vingine duniani kote vingeanza kutikisika kwa pamoja, bila kitovu cha kukinyooshea kidole. Tetemeko letu la 2016 lilikuwa na kitovu, kule Kagera, na mawimbi yake yalikwenda kwa zamu kama ya tetemeko lolote. Ile video ilisema uongo, na mtu yeyote mwenye karatasi za vituo viwili angeweza kuuonyesha.

Kuna tukio moja ambalo wanasayansi wenyewe walilifikiria hivyo kwa uzito, na ninalipenda kwa jinsi lilivyojadiliwa. Juni 30, 1908, asubuhi, kitu kililipuka juu ya misitu ya Siberia karibu na mto Podkamennaya Tunguska. Zaidi ya kilomita 2,000 za mraba za msitu zililala chini. Vipima mgandamizo wa hewa vya Uingereza viliandika wimbi lake, na usiku uliofuata anga ya Ulaya iling'aa kiasi cha watu kusoma gazeti nje. Mtafiti Mrusi Leonid Kulik alipofika kule mwaka 1927 akitafuta kimondo, hakukuta shimo ardhini. Alikuta miti ya katikati imesimama wima, imenyofolewa matawi kama nguzo za simu, na ya pembeni imelala yote ikielekeza mizizi katikati.

Mwaka 1973, wanafizikia Jackson na Ryan wa Chuo Kikuu cha Texas waliandika kwamba huenda lilikuwa shimo jeusi dogo, zito mno kuliko hili langu, lililoingia Siberia na kutokea Atlantiki ya Kaskazini. Ona uzuri wake: wazo lenyewe lilibeba kipimo cha kulikanusha. Kama liliingia, lilitoka. Kama kuingia kulilaza msitu, kutoka kungepiga bahari na hewa vivyo hivyo. Wenzao wakaenda kutazama, na kwenye karatasi za vipima hewa vya siku ile wakakuta wimbi la kuingia tu. La kutoka halipo. Mwaka 1974 jibu lao likachapishwa, na leo kinachokubalika ni kwamba mwamba au kimondo cha barafu kilipasuka angani kabla ya kugusa ardhi. Nikimfundisha mtoto jambo moja kuhusu sayansi, ningetaka liwe hili. Mtu alisema kitu cha ajabu, akasema pia mahali pa kwenda kutazama, watu wakaenda.

Nadra nayo nimeipigia hesabu. Hata tukikubali kwamba maada giza yote ni mashimo ya tani bilioni 100, moja lingeipiga dunia kila baada ya miaka kama milioni 200. Dunia ina miaka bilioni 4.5. Inawezekana basi kwamba tumeshatobolewa mara ishirini na kitu, na samaki, madinosaria na nyasi hawakujua.

Wapo wanaotafuta alama. Mwaka 2024 wanafizikia De-Chang Dai na Dejan Stojkovic walipendekeza kutafuta kwenye vitu vya kale njia nyembamba zilizoachwa na mashimo mazito zaidi, vijitundu vyembamba kuliko bakteria, vilivyonyooka kabisa. Wenyewe wanasema kwa jiwe la miaka bilioni moja uwezekano ni kama mmoja katika milioni. Mwaka huohuo watu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walisema tuitazame sayari ya Mars: umbali wake tunaujua kwa usahihi wa sentimita kumi hivi, na shimo likipita karibu na njia yake, ndani ya miaka michache sayari ile ingekuwa imehama kama mita moja kutoka pale tunapoitarajia. Hiyo ya Mars ndiyo inayonipa matumaini zaidi. Lakini ya mawe ndiyo iliyonigusa, kwa sababu nimeolewa na kuzaa kwenye jiji la mawe. Haya majabali tunayoanikia dagaa na kujengea juu yake ni katika miamba ya kale kabisa ya Afrika, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Siku hizi nikipita Jiwe la Bismarck natazama. Najua jicho haliwezi kukiona kitu cha namna ile. Natazama hivyohivyo.

Baada ya kumaliza hesabu nilimtafuta yule binti kupitia kundi la WhatsApp la darasa lao. Ni muuguzi sasa, yuko Bukoba. Nikampigia picha kurasa nne za daftari, nikamwandikia kwamba mwaka 2016 nilimjibu vibaya na naomba radhi. Akanipigia jioni ileile. Tulizungumza karibu saa nzima. Swali lake la kwanza lilikuwa lile ambalo ningetaka kila mwanafunzi wangu aliulize: "Madam, na kama lingekuja polepole?"

Nikamwambia haliwezi kuja polepole. Chochote kinachoangukia dunia kutoka mbali, hata kingeanza kimetulia, kinafika na kasi ya angalau kilomita 11.2 kwa sekunde, maana dunia yenyewe inakivuta. Kwa kasi hiyo ndogo kabisa, msuguano ungeongezeka karibu mara 400, lakini shimo lingepoteza sehemu ndogo mno ya nishati ya mwendo wake, chini ya moja katika milioni mia tano. Lingetokea upande wa pili. Ili libaki ndani likae likila, lazima kwanza lisimame, na dunia haina breki ya kulisimamisha.

Nilisikia anamweleza mtu pembeni kwa Kihaya. Alikuwa bibi yake, yupo bado, amejengewa chumba kingine palepale. Bibi akauliza kitu, binti akanitafsiria: kama halikuwa shimo hilo, basi kilichoangusha nyumba yake kilitoka wapi?

Nikamwambia ardhi ya upande wetu huu wa Afrika inapasuka. Bonde la Ufa linafunguka, tawi la magharibi na la mashariki, milimita chache kila mwaka. Miamba inavutwa, inashikilia, inavutwa tena kwa miaka mingi, mpaka siku moja inaachia.

Binti akatafsiri. Kukawa kimya kidogo kwenye simu, kisha bibi akasema kitu kifupi.

"Anauliza," binti akasema, "milimita tu?"